Meli ya kitalii ukiwa peke yako: njia tano za kununua, kuanzia inayofaa hadi ya kuepuka

Pale Dunga, kandokando ya Ziwa Victoria hapa Kisumu, bei ya boti haina siri. Mkifika wanane mnagawana. Ukifika peke yako mwenye boti anakuuliza swali moja tu: unangoja wengine au unalipia boti nzima? Petroli ya kwenda kutazama viboko ni ileile, uwe mmoja au muwe wanane. Nimewahi kulipia boti nzima mara mbili na sikurudi na kinyongo, kwa sababu niliambiwa kabla sijavaa jaketi la kuokolea.

Meli kubwa za kitalii zinapiga hesabu hiyohiyo, ila zinakuambia ukiwa umeshatoa kalamu. Mwaka juzi niliingia kwa ajenti mmoja hapa Kisumu kwa ajili ya bango lililokuwa dirishani mwake. Kijana akachapa majina yangu, akauliza jina la wa pili. Nikamwambia hakuna wa pili. Akachapa tena, kisha akanigeuzia kompyuta nione jumla. Nauli ilikuwa imejizidisha mara mbili.

"Madam, ile ya bango ni ya kushea chumba."

Herufi zilizosema hivyo zilikuwepo kwenye bango, kweli. Nilizipata nilipotoka, chini kabisa, pale ambapo mauaridi ya dukani kwake yalikuwa yamezifunika.

Sababu yao si ya ajabu. Kabini imejengwa kwa ajili ya watu wawili, na kampuni haipati pesa kwa nauli pekee. Mtu wa pili angenunua vinywaji, picha, matembezi ya nchi kavu, pengine angecheza kamari. Kitanda kisicho na mtu hakinunui hata soda. Kwa hiyo wanaongeza kitu juu ya nauli yako, na mara nyingi nyongeza hiyo ni asilimia 100, yaani unalipa nauli ya wawili. Kuna safari ambazo inashuka hadi 50 au 25, na mara chache, meli ikikataa kujaa, huondolewa kabisa. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Wenye meli wameugeuza msemo huo kuwa biashara.

Kwanza piga hesabu, kwa kalamu

Wengi hukimbia wakisikia asilimia 100 wakidhani bili yote imekuwa mara mbili. Haiwi hivyo. Kodi na ada za bandari hulipwa kwa kila kichwa, na kichwa ni kimoja. Bakshishi ya wahudumu nayo, ambayo kampuni nyingi huikata kwa kila mtu kwa kila siku, ni ya mtu mmoja.

Tuchukue mfano wa safari ya siku nne: nauli dola 500 kwa mtu, ada za bandari dola 120, bakshishi dola 16 kwa siku. Wanaoshea chumba, kila mmoja anatoa dola 684. Wewe peke yako, kwa nyongeza ya asilimia 100, unatoa 1,184. Pengo ni dola 500, yaani Sh65,000 tukihesabu dola kwa shilingi 130. Ni pesa, sikatai. Kuna karo ya muhula humo. Lakini nyongeza ikishuka hadi asilimia 50, jumla inakuwa dola 934. Sasa akija mtu kukuuzia "chumba maalum cha msafiri mmoja" kwa nauli ya dola 800, ukijumlisha bandari na bakshishi unafika 984. Chumba maalum kimeshindwa na chumba cha kawaida, na bado ni kidogo kuliko hicho.

Hesabu hiyo ndiyo iliyonipa mpangilio ufuatao.

1. Chumba cha kawaida, wiki ambazo meli haijai

Hii ndiyo ningemwambia dada yangu anunue. Kabini ya ndani isiyo na dirisha, ya watu wawili, katika tarehe ambazo nyongeza imepunguzwa. Tarehe hizo zina tabia moja: watoto wako shuleni. Krismasi, Pasaka na likizo za Agosti barani Ulaya, familia huijaza meli na hakuna atakayekuhurumia.

Kwa sisi wa huku, mahali pepesi pa kuanzia ni Durban. Tangu Januari 1, 2023 Mkenya anaingia Afrika Kusini bila viza, hadi siku 90 kwa mwaka. Kampuni ya meli ya MSC huweka meli huko kwa msimu wa joto lao, takriban Novemba hadi Machi au Aprili, na safari fupi za siku tatu au nne huelekea pwani ya Msumbiji, Pomene au Portuguese Island. Kwa kuwa meli inagusa nchi nyingine, ulizia masharti ya Msumbiji siku unapoulizia bei. Desemba iache. Shule za Afrika Kusini hufunguliwa katikati ya Januari, kwa hiyo mwisho wa mwezi huo na Februari ndipo pa kuvizia.

Usisahau cheti cha homa ya manjano. Ukitoka Kenya utaulizwa. Chanjo ichomwe siku 10 au zaidi kabla ya safari, na tangu 2016 cheti ni cha maisha, kwa hiyo kitafute kwanza kabatini kabla ya kwenda kudungwa tena.

Hivi ndivyo nilivyosafiri hatimaye, mwezi wa Februari. Nilipofungua mlango wa kabini nilikuta kila kitu ni viwili: majaketi mawili ya kuokolea, glasi mbili, taulo mbili kubwa zilizokunjwa juu ya vitanda viwili vilivyosogezwa pamoja. Taulo nilizitumia zote mbili kila siku, moja ya mwili na moja ya nywele. Nimezilipia.

Gharama inayouma zaidi kwa njia hii iko nchi kavu. Meli haingoji ndege iliyochelewa, kwa hiyo lazima ufike Durban siku moja kabla, na hoteli ya usiku huo unailipa wewe mwenyewe. Teksi ya kutoka uwanja wa King Shaka hadi bandarini pia haina wa kuchangia. Weka hizi kwenye hesabu tangu mwanzo.

2. Kabini iliyojengwa kwa mtu mmoja

Norwegian, kampuni ya meli, ndio waliolifanya jambo hili kubwa: mwaka 2010 meli yao Norwegian Epic ilianza kazi ikiwa na kabini 128 za mtu mmoja mmoja. Ukubwa wake ni futi mraba 100 hivi. Yeyote aliyewahi kupanga chumba Nyalenda au Manyatta hapa Kisumu anakijua kipimo hicho: ni kumi kwa kumi, chumba kile cha ploti, ila hiki kina choo ndani. Na kama vya ploti, dirisha lake linatazama korido. Wenye vyumba hivyo wana sebule yao ya pamoja ambayo wengine hawaingii, na hapo ndipo thamani yake ilipo kwa mtu anayeogopa kula peke yake siku saba.

Royal Caribbean wana vyumba vya namna hiyo kwenye meli kama Anthem of the Seas, ambayo imewahi kufanya safari zake kutoka Singapore. Singapore tunaingia bila viza, Malaysia vilevile, kwa hiyo hii si ndoto ya mbali kama inavyosikika. Kinachokukwamisha ni tiketi ya ndege. Virgin Voyages, wasiochukua watoto, wanavyo. Waingereza wanavipenda sana: P&O, Fred. Olsen, na Cunard, walioongeza kabini 15 za mtu mmoja kwenye Queen Mary 2 mwaka 2016. Saga wanachukua waliotimiza miaka 50, umri ambao mimi sasa nautamka bila aibu. Lakini nyingi za hizo huondoka Uingereza, na viza ya Uingereza inaweza kukugharimu muda na pesa kuliko hiyo nyongeza unayoikwepa.

Kwa nini basi hii si namba moja? Kwa sababu vyumba ni vichache na vinawahiwa. Vingi vikishanunuliwa na wenye haraka, vilivyobaki hupanda bei hadi kupita chumba cha kawaida na nyongeza yake. Nunua ukiwa mapema, miezi mingi kabla, na kila mara weka bei mbili kando kwa kando kama nilivyofanya juu.

3. Mto Nile, ukiwa na mdomo wa sokoni

Kati ya Luxor na Aswan kuna meli nyingi za mtoni, za usiku tatu au nne, zinazosimama Edfu na Kom Ombo kwenye mahekalu. Wenye meli ni wengi, na Misri bei huongewa. Nyongeza ya mtu mmoja huko si sheria ya Musa. Kiangazi, Juni hadi Agosti, jua la Luxor hupita nyuzi 40 na watalii hupungua. Aliyezoea mchana wa Kisumu wa Februari atateseka lakini hatakufa, na anayejua kununua nyanya soko la Kibuye ataelewana nao. Viza ipate kabla hujatuma hata shilingi.

Nina udhaifu na safari hii, nakiri. Mto unaotoka ziwani mwetu pale Jinja ndio huohuo, ingawa maji mengi yanayofika Misri hutoka Ethiopia.

4. Kulazwa na mtu usiyemjua

Kampuni za matembezi ya vikundi kama G Adventures na Intrepid hukupa mwenzako wa jinsia yako, mnagawana chumba, na nyongeza inafutika. Zina pia safari za boti ndogo. Ukitaka chumba chako peke yako unalipa ziada, kwa hiari yako. Bei ni ya haki na imeandikwa waziwazi. Tatizo ni kukoroma, na sisemi ni kwa nani.

5. Kumtafuta mwenzako mwenyewe

Watu wote hukushauri hivi: "Si utafute tu mtu!" Nimeiweka mwisho kwa makusudi. Nilimpata mwenzangu kwenye chama chetu, mama makini, tukalipa malipo ya kwanza pamoja. Wiki chache kabla ya kumalizia salio, mwanawe akapata nafasi ya chuo na pesa zikaelekea huko. Nani angemlaumu? Kampuni ilinitumia bili mpya: chumba sasa kina mtu mmoja, kwa hiyo nyongeza yote ni yangu, na tarehe za kuahirisha bila kukatwa zilikuwa zimepita. Bei ikawa mbaya kuliko ambayo ningelipa kama ningejisajili peke yangu tangu mwanzo na kuchagua tarehe yenye punguzo, na safari yenyewe niliishia kuiacha. Ukiamua kuja na mwenzako, kubalianeni kwa maandishi nani anabeba nyongeza mmoja akijitoa. Mkiona haya kuandikiana, msishee chumba.

Kama hujawahi kulala majini

Kabla ya kutoa laki mbili, jaribu kichwa chako na tumbo lako kwa bei ya chini. Panda basi kupitia Isebania hadi Mwanza, kisha meli ya MV New Victoria inayokwenda Bukoba usiku. Unalipia kiti au kitanda chako, basi. Hakuna anayekuuliza mwenzako yuko wapi. Si ya kifahari, hakuna muziki wala bwawa la kuogelea, lakini asubuhi utajua kama wewe ni mtu wa meli. Hata kivuko cha Luanda K'Otieno hadi Mbita kinatosha kama jaribio la saa moja.

Mambo madogo ambayo hayako kwenye bango

Vifurushi vya vinywaji: kwenye baadhi ya kampuni, mtu mzima mmoja wa chumba akinunua, wote lazima wanunue. Uko peke yako, umepona. Intaneti, kinyume chake, hakuna wa kugawana naye. Royal Caribbean humpa aliyelipa nauli ya wawili pointi za ziada kwa kila usiku, zidai. Ukienda Ulaya na meli itagusa Uturuki au nchi nyingine nje ya Schengen (zile nchi za Ulaya zinazotumia viza moja), viza yako iwe ya kuingia zaidi ya mara moja, la sivyo utatoka na kushindwa kurudi kwenye ndege yako. Ada yake ni euro 90 tangu Juni 2024.

Na huu ndio ujumbe ninaomtumia ajenti kwa WhatsApp siku hizi, kabla sijakanyaga ofisini kwake. Unukuu kama ulivyo:

"Habari. Nasafiri peke yangu, hakuna wa pili. Naomba jumla ya mwisho kwa shilingi, ikionyesha kila kimoja mbali: nauli, nyongeza ya mtu mmoja, ada za bandari, bakshishi. Nipe pia tarehe mbili nyingine ambazo nyongeza iko chini, na uniambie nikiahirisha nakatwa ngapi na kuanzia lini."

Jibu likirudi na neno "kuanzia" mbele ya bei, mwandikie ajenti mwingine.