Migebuka ya Kibirizi: msosi uko poa, ila bei inafuata mwezi

Kwa mnaoulizaga Kigoma mjini ule wapi samaki wa ukweli, achaneni na hoteli mshuke Kibirizi kule zinakopaki boti za kwenda Gombe. Kuna banda la mabati pembeni ya wanapoanika dagaa, halina bango wala nini, we uliza kwa mama wa migebuka, wale samaki wa Ziwa Tanganyika, utaonyeshwa.

Chakula kwanza. Mgebuka anakaangwa mpaka mapezi yanavunjika mdomoni, halafu anarudishwa kwenye mawese na nyanya na kitunguu, ugali wa muhogo wa moto, sombe (kisamvu) pembeni. Pilipili anasaga mwenyewe na limao kibao, nenda nayo taratibu. Chumvi huwa inazidi kidogo hasa mchana, jikoni sina lawama nyingine.

Sasa bei, hapa ndo watu wanapolalamikaga. Wiki hii sahani elfu tatu, ukirudi baadae unaambiwa elfu tano, samaki yuleyule na sahani ileile. Sio wizi jamani. Huku dagaa na migebuka vinavuliwa usiku kwa taa, mbalamwezi ikiwaka taa inakuwa haina kazi, vipe, yaani boti za uvuvi, vinalala ufukweni na samaki anakuwa wa kutafuta. Giza likirudi, yaani zile siku za mwezi ambazo usiku hauna mbalamwezi, mwalo (pale boti zinaposhushia samaki) unajaa watu, wachuuzi, mabeseni, kelele, na bei inashuka. Kwahiyo kama una haraka ya bei chee angalia juu kabla hujapanda bodaboda.

Ukipata benchi la karibu na jiko utaliona daftari la madeni, kava limelowa mawese mpaka linang'aa. Wavuvi wanakula kwa mkopo, wameandikwa majina ya utani, giza la uvuvi likirudi wanalipa na mama anakata jina kwa kalamu nyekundu. Mvuvi hana mshahara, wanagawana kilichouzwa baada ya kutoa mafuta na fungu la mwenye chombo, usiku ukiwa mkavu mtu anarudi na deni la chai. Mama anasema zamani jina lilikuwa linakatwa giza lilelile, siku hizi linavuka hadi la pili, la tatu. Na mwaka 2024 serikali iliposimamisha uvuvi ziwani kuanzia 15 Mei mpaka 15 Agosti ili samaki wazaliane, banda likawa la maharage na mayai, daftari likanenepa.

Kuna mzee pale mezani alikuwa anabisha kwamba shida ya madeni kutolipika ni watu wamekuwa wengi. Sawa mzee wangu, wameongezeka, sensa ya 2012 mkoa wa Kigoma ulikuwa na watu 2,127,930, ya 2022 ikatoa 2,470,967, ila hiyo ni kama asilimia 16 tu wakati nchi nzima ilitoka milioni 44.9 ikafika 61.7, karibu asilimia 37. Yaani sisi tunaongezeka polepole kuliko wenzetu! Mi nahisi vijana wengi wanapanda treni wanaenda kutafuta maisha, na hesabu ya mkoa mzima haikuambii hali ya mwalo mmoja ambao leo umefurika na wiki mbili mbele unacheza mpira katikati yake. Ukitaka kujua kipato cha Kibirizi chungulia lile daftari, takwimu zote zimo mle.

Huduma taratibu, usije ukiwa na boti ya kuwahi. Kulipa kwa simu wanakubali ila makato yako, kunawa ni ndoo na sabuni ipo, choo unavuka kwa jirani miambili. Nampa nyota nne. Ya tano ataipata siku akiandika bei ya leo kwa chaki pale mlangoni, maana mgeni akiambiwa elfu tano wakati mwenzake alikula kwa tatu anajua kapigwa, na hakuna anayekaa kumweleza mambo ya mbalamwezi.