Tochi kwanza, dawa baadaye: huduma ya mbu niliyoilipia Tabata

Mwaka 2019, dengue ilipozagaa Dar, binti yangu alilala kitandani siku sita. Alilia viungo, akalia maumivu nyuma ya macho. Daktari alitukanya tusimpe diclofenac wala aspirini kwa sababu ya hatari ya kutokwa damu. Panadol na maji mengi, basi. Tangu wakati ule mbu wa nyumbani kwangu nawachukulia kwa uzito, na kwa ajili yao nimeshalipa watu wawili tofauti. Nawaeleza wote wawili.

Wa kwanza ni kampuni, jina naliacha. Walikuja na mashine ya moshi, wakatutoa nje saa nzima, wakapuliza vyumbani, ukuta wa nyuma, chini ya mwembe. Shilingi 90,000. Usiku ule tulilala raha mustarehe. Siku ya tano, naanika nguo saa mbili asubuhi, nikaumwa vifundoni mara tatu. Nilipowapigia wakasema turudie kila mwezi. Hakuna hata mmoja wao aliyefunua pipa. Moshi unamuua mbu anayeruka saa ile. Walio majini haujawagusa, na kwa joto letu hili kiluwiluwi anakuwa mbu kamili ndani ya wiki moja hivi.

Wa pili ni kijana wa mtaa wa jirani, nilielekezwa na mama wa genge tunakonunua mboga. Alikuja na begi mgongoni, tochi, upawa, bakuli jeupe na brashi ngumu. Akaniamkia, kisha akasema, "Mama, kabla sijatoa dawa naomba tuzunguke wote, unioneshe kila mahali penye maji."

Nikamwonesha mapipa mawili na simtanki. Yeye akanionesha mengine ambayo mimi mwenye nyumba sikuyajua. Trei ya nyuma ya friji, ile inayopokea maji ya barafu. Visahani vya maua barazani. Mfereji wa bati ulioziba kwa majani ya mwembe. Vifuu vitatu vya nazi nyuma ya jiko la mkaa, na tairi ambalo mwanangu aliliacha akisema atalitengenezea bembea. Kila mahali alichota, akamimina kwenye bakuli jeupe, akaniita nitazame. Viluwiluwi wa kwenye kisahani walikuwa wananing'inia kichwa chini, mkia umegusa juu ya maji. Akaniambia hao si wa malaria. Wa malaria hulala sambamba na uso wa maji. Hawa ni wa yule mweusi mwenye madoa meupe miguuni, anayeuma mchana, ndiye wa dengue. Nilitazama lile bakuli nikamkumbuka binti yangu, nikakaa chini kidogo.

Kumwaga peke yake hakumtoshi. Mayai ya mbu huyo yanaganda kwenye ukuta wa chombo, juu kidogo ya maji, na yanaweza kukaa makavu miezi kadhaa yakisubiri mvua. Kwa hiyo alisugua mapipa kwa brashi kuzunguka pande zote, akanifundisha nifanye hivyo kila wiki. Mimi nilikuwa nasuuza tu.

Shimo la choo ndilo lililonishangaza zaidi. Mfuniko wa chemba umevunjika kona, na bomba la hewa liko wazi juu. Jioni alinisimamisha pale, nikaona mbu wanatoka kwenye bomba kama moshi. Hao ndio wa usiku, wanaolia sikioni, na ndio wanaoeneza matende na mabusha hapa mjini. Akafunga wavu mdomoni mwa bomba, akaziba kona kwa saruji, akamwaga dawa ndani.

Dawa yake ni ya viluwiluwi, inayotengenezwa Kibaha kwenye kile kiwanda kilichojengwa kwa ushirikiano na Cuba na kuzinduliwa mwaka 2015. Ziko aina mbili: Bactivec, na Griselesf ambayo ndiyo aliyoitumia chooni kwa kuwa inastahimili maji machafu. Ni bakteria, kiluwiluwi akiwala, tumbo lake linaharibika anakufa. Haina harufu na haikutulazimu kuhama nyumba. Waliokwisha kujikunja tayari kuwa mbu hawali tena, kwa hiyo dawa haiwapati, na hao aliwamwaga mchangani juani.

Gharama: 40,000 siku ya kwanza pamoja na wavu na saruji, halafu 15,000 kila baada ya wiki mbili. Mwezi wa pili niliweza kukaa barazani jioni na wajukuu bila kuchoma dawa. Chandarua bado tunalalia, na yeye mwenyewe alisisitiza tusiache.

Kasoro zipo. Hatoi risiti. Wakati wa masika alikosa zamu moja bila kutoa taarifa, na kwa dawa ya namna hii zamu moja ni nyingi, nikamweleza hivyo. Halafu kuna pagale la jirani, msingi umejaa maji ya mvua. Mbu wa dengue haruki mbali, lakini ukuta tu anauvuka. Kijana hakuingia bila ruhusa, akaniomba twende kwa mjumbe. Mjumbe akampigia mwenye pagale, naye akakubali dawa iwekwe. Kampuni yenye mashine isingenifikisha huko.

Kwa anayetafuta mtu wa kazi hii, mwulize atatazama wapi kabla ya kumwuliza bei. Wangu anakuja tena Jumamosi. Nimemwambia afike mapema, kabla maji ya mgao hayajafunguliwa, tusugue mapipa yakiwa matupu.