Diski za nje kwa matumizi ya nyumbani Uganda: nunua mbili ndogo, acha moja kubwa

Kwa nyumba nyingi za Uganda, diski inayofaa ni ile ndogo ya inchi 2.5 inayopata umeme kupitia waya wake wa USB. Ile kubwa ya mezani ya inchi 3.5, kama Seagate Expansion Desktop, ina adapta yake ya volti 12. Umeme ukikatika katikati ya kunakili, inazima papo hapo, hata kama laptopu ina chaji ya kutosha. Faili iliyokuwa ikiandikwa huharibika, na mara nyingine orodha nzima ya faili huvurugika. Diski ndogo huendelea kutumia betri ya laptopu mpaka kazi iishe. Kubwa inunue ikiwa tayari una UPS, kifaa chenye betri kinachoendelea kutoa umeme ukikatika. Stabilaiza hutuliza umeme tu, haiuweki akiba.

WD Elements na Seagate Expansion Portable zinakaribiana sana kwa kasi: kama megabaiti 100 hadi 130 kwa sekunde kwenye tundu la USB 3.0. Gigabaiti 500 huchukua saa moja na robo hivi. Kwenye tundu la zamani la USB 2.0 mzigo huohuo ni saa nne, kwa hiyo angalia tundu kabla ya kulaumu diski. Zote mbili, kwa ukubwa wa terabaiti 1 kwenda juu, kwa kawaida huandika data kwa mistari inayolaliana kama vigae vya paa. Kujaza mara ya kwanza ni haraka. Kufuta na kuandika upya faili nyingi ndogo huzifanya zijikokote. Kwa nakala ya akiba hilo linavumilika.

Tofauti yenye uzito iko ndani. WD nyingi za aina hii zina tundu la USB lililochomelewa moja kwa moja kwenye bodi ya diski. Likilegea, kazi ya fundi inakuwa ngumu na ghali. Ndani ya Seagate mara nyingi kuna diski ya kawaida yenye tundu la SATA, lile la diski za ndani ya kompyuta: fundi anaifungua na kuihamishia kwenye kasha jingine. Kwa sababu hiyo pekee tunaipa Seagate alama ya juu.

Samsung T7, ambayo ni SSD (diski inayohifadhi data kwenye chipu), husoma hadi megabaiti 1,050 kwa sekunde ikiwa kompyuta ina tundu la kiwango hicho, na haina sehemu inayozunguka, hivyo mtikisiko wa boda boda hauitishi. Ni nzuri kwa kubebea kazi. Usiifanye sanduku la kufungia picha kabatini kwa miaka: chaji inayoshikilia data huvuja polepole SSD ikikaa bila umeme, na joto huharakisha. Ichomeke kila baada ya miezi michache.

Dukani, usilipe kabla ya kuichomeka. Terabaiti 1 halisi huonekana kwenye Windows kama gigabaiti 931, na hilo si wizi. Fungua CrystalDiskInfo, programu ya bure inayoonyesha afya ya diski: saa za kuwashwa ziwe karibu na sifuri, na mistari 05, C5 na C6, inayohesabu sehemu mbovu, isome sifuri kwenye safu ya Raw Values. C7, inayohesabu makosa ya mawasiliano, ikipanda baadaye, badilisha waya kwanza. Flashi ya "terabaiti 2" kwa bei ya chakula cha mchana ni ya uongo. Programu ya H2testw huijaza na kuisoma tena, na udanganyifu hujitokeza. Kwa terabaiti 1 jaribio hilo huchukua saa tano au sita, basi kubaliana na muuzaji juu ya kurudisha.

Sasa kwa nini mbili? Diski inayobaki imechomekwa muda wote hufungwa na virusi vya kudai fidia (ransomware) pamoja na kompyuta yenyewe, na mwizi hubeba vyote kwa pamoja. Moja ikae nyumbani, nyingine kwa ndugu au ofisini, mbadilishane kila mwezi. Kwenye Windows, File History, zana yake ya kunakili faili za akiba, hufanya kazi vizuri, lakini haigusi folda uliyoitengeneza mwenyewe kwenye D: mpaka uiongeze kwenye maktaba zake. Wengi hugundua hilo wakiwa wameshapoteza. Kila mwezi rudisha faili chache kutoka kwenye diski na uzifungue.

Hifadhi ya mtandaoni iachie hati tu: skani za hati ya ardhi, vyeti vya mitihani ya taifa (UNEB), kitambulisho cha taifa. Gigabaiti 15 za bure za Google zinatosha. Kupandisha gigabaiti 500 kwa kasi ya megabiti 5 kwa sekunde ni siku tisa usiku na mchana, tena kwa bando lenye ushuru wa asilimia 12 tangu Julai 2021. Na Januari ya mwaka huohuo intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa wakati wa uchaguzi. Aliyekuwa na nakala mtandaoni peke yake hakuwa na namna ya kuifikia.