Union Version kwenye meza ya seremala

Biblia ninayoitolea maoni hapa ni ile iliyo karibu kila nyumba ya Mkristo anayesoma Kiswahili: Union Version (UV), iliyotoka mwaka 1952. Mtu anaweza kuuliza kuna haja gani ya kutolea maoni kitabu cha umri huo. Haja ipo. Kila darasa la kipaimara likianza, vijana huuliza wanunue Biblia ipi, na jibu wanalopewa huwa lilelile: chukueni Habari Njema, ile tafsiri ya Kiswahili chepesi, hiyo ya zamani ina maneno magumu. Mimi ni seremala hapa Ngamiani, Tanga, na ni mzee wa kanisa. Jibu hilo silipendi, na nitaeleza kwa nini.

Mengi ya maneno hayo magumu ni maneno ya kazi. Ni ya sokoni, ya bandarini, ya mlangoni, ya ujenzini. Anayeyaona magumu mara nyingi hajawahi kukaa na watu wanaoyatumia. Nimekuwa nikiisoma UV huku kamusi iko pembeni, na kamusi inasaidia, lakini baada ya kamusi huwa namwendea mwenye kazi yake. Hapo ndipo mafundisho yanapotoka.

Chukua neno arabuni. Katika Waefeso 1:14 Roho Mtakatifu anaitwa “arabuni ya urithi wetu”, na neno hilo limo pia katika 2 Wakorintho 1:22 na 5:5. Habari Njema imeweka dhamana. Kwa msomaji wa haraka yote mawili ni mamoja. Karakana haikubali. Mteja akitaka kitanda cha mtiki cha tano kwa sita, hutanguliza fedha kidogo ili nikanunue mbao. Vijana wanaiita advansi, wazee wa hapa Pwani wanaiita arabuni. Fedha hiyo ni sehemu ya bei. Siku akija kuchukua kitanda simrudishii. Ananiongezea iliyobaki tunamalizana. Dhamana haiendi hivyo. Mtu akiweka hati ya nyumba yake kumtoa nduguye mahakamani, kesi ikiisha anaichukua hati yake. Dhamana hurudi kwa mwenyewe.

Sasa isome tena aya ile. Roho tuliyepewa hachukuliwi siku urithi utakapofika, kwa kuwa ni sehemu ya urithi wenyewe iliyotangulia. Na kuna jambo jingine ambalo kila fundi analijua: anayetoa arabuni ndiye anayejifunga kwanza. Mteja akitokomea, fedha yake imekwenda. Paulo anasema Mungu ndiye aliyetoa. Hebu mfikirie Mungu akiwa upande huo wa meza, yeye ndiye aliyeweka fedha chini kabla kazi haijaanza.

Paulo mwenyewe, kwa Kigiriki, aliandika arrabon. Wagiriki walilipata neno hilo kwa wafanyabiashara wa Kisemiti, na Kiebrania kina lake, eravon, ambalo ndilo Tamari analomdai Yuda katika Mwanzo 38 mpaka akapewa muhuri na fimbo. Pale UV imeandika rehani, na imefanya vyema, kwa sababu vitu vile vilikusudiwa kurudi mbuzi aliyeahidiwa na Yuda akishaletwa. Sisi neno letu tumelipata kwa Waarabu. Kwa hiyo msomaji wa Tanga anayesema arabuni anatamka neno lililo ndugu wa damu na lile alilolitumia Paulo. Ukiweka dhamana, udugu huo unakatika.

Hapa niseme jambo kuhusu uchimbaji wa maneno, maana umeharibiwa sana mimbarani. Mmesikia mara ngapi kwamba neno la Kigiriki dunamis, yaani nguvu, maana yake ni baruti, eti kwa sababu “dynamite” limetokana nalo? Limetokana nalo kweli. Lakini baruti hiyo ni ya Alfred Nobel, aliyeisajili mwaka 1867. Paulo hakuwahi kuona mwamba ukipasuliwa kwa fataki. Neno hupata maana kwa watu waliokuwa wakilitumia wakati huo, siyo kwa vitukuu vyake. Wahubiri wetu wengi wana bidii ya maneno, ila wanaanzia mwisho wanarudi mwanzo.

Turudi kwenye kitabu. Neno ninalolipenda kuliko yote humo ni bawabu. Zaburi 84:10: “Ningependa kuwa bawabu nyumbani mwa Mungu wangu, kuliko kukaa katika hema za uovu.” Bawabu ni mlinzi wa mlango, asili yake ni bab, mlango kwa Kiarabu. Kijana akiisoma aya hii anaona unyenyekevu wa kawaida tu. Lakini tazama kichwa cha zaburi: ni ya wana wa Kora. Kora ni yule Mlawi wa Hesabu 16 aliyemwinukia Musa na Haruni, akaona kazi ya Walawi haimtoshi, akautaka na ukuhani. Ardhi ikafunua kinywa. Hesabu 26:11 inaongeza, kwa sentensi fupi ambayo wengi tunairuka, kwamba wana wa Kora hawakufa. Na ukifika 1 Nyakati 9:19 unawakuta wazao wake wamepewa kazi ya kulinda malango. Babu alitaka kuingia ndani kabisa, wajukuu wanaimba kwamba mlangoni panatosha.

Nilimsomea aya hiyo mlinzi wa kanisani kwetu, babu mmoja anayekaa getini na redio yake. Akaniambia, “Mzee, bawabu ndiye wa kwanza kumwona bwana mwenye nyumba akirudi.” Sijapata tafsiri bora zaidi ya hiyo.

Dirii na chapeo za Waefeso 6 nitazipita. Zana za vita nawaachia askari.

Pishi, je? Mathayo 5:15 inasema watu hawawashi taa na kuiweka chini ya pishi, bali juu ya kiango. Habari Njema imeweka debe. Debe linaeleweka haraka, nakubali, na mtoto wa Sunday school atacheka. Ila debe watu huchotea maji, wengine huchemshia makande. Pishi ni kipimo. Vibaba vinne ni pishi moja, na ingawa kilo imeifukuza sokoni, Ramadhani ikikaribia kwisha utawasikia jirani zetu Waislamu wakiitaja kwa ajili ya zaka ya fitri. Neno la Kigiriki katika aya hiyo nalo ni jina la kipimo cha nafaka. Kwa hiyo kilichoifunika taa ni chombo cha biashara, kile ambacho mwenye duka anakishika kutwa nzima. Mimi nina duka. Naona aya hiyo inanisema mimi kabla ya kumsema mwingine.

Halafu boriti. Hapa Habari Njema na UV hazigombani, zote zimeliweka, lakini vijana wetu wa nondo na zege hawalijui tena. “Mbona wakitazama kibanzi kilicho ndani ya jicho la ndugu yako, na boriti iliyo ndani ya jicho lako mwenyewe huiangalii?” Boriti ni mti wa mkoko. Wakataji wa Rufiji na Lamu walikuwa wakiipanga miti kwa unene: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Ikihesabiwa kwa korija, miti ishirini ishirini, ikapakiwa majahazini hadi Ghuba. Nyumba za mawe za Unguja na Lamu zina vyumba vyembamba kwa sababu upana wa chumba uliamuliwa na urefu wa boriti. Ukilala chali katika nyumba ya namna hiyo unaziona zimepangwa juu, zimebeba chokaa na mawe ya ghorofa nzima.

Kibanzi nakijua vizuri zaidi. Ukiranda mninga mkavu kinaruka kikavu, chembamba kama sindano, na kikiingia jichoni mtu anasimama palepale. Kumtoa mwenzio kibanzi ni kazi ya taratibu: unamgeuza kwenye mwanga, unalishika kope kwa kidole safi, unatumia ncha ya kitambaa, na mkono usitetemeke. Huwezi kuifanya kazi hiyo huku umeziba jicho. Bwana wetu aliitwa seremala katika Marko 6:3, na sina shaka mzaha huu ulizaliwa kwenye vumbi la mbao. Lakini boriti ndilo neno linalonisimamisha. Si takataka iliyodondoka; ni mti unaobeba dari. Kuna kasoro tunazoziona vigumu kuzing’oa kwa kuwa tumeshazijengea nyumba juu yake, na tukizitoa tunaogopa paa litatuangukia.

Timazi, ule uzi wenye risasi wa kupimia kama ukuta umenyooka, ipo katika Amosi 7. Bwana amesimama karibu na ukuta, timazi mkononi, anamwuliza nabii anaona nini. Hapa kwetu upepo wa bahari ukivuma alasiri timazi haitulii, inayumba huku na huku, na fundi asiye na subira huweka alama yake ikiwa bado inacheza. Waashi wazuri huizamisha risasi yake kwenye ndoo ya maji, uzi ukatulia, ndipo wakasoma. Wataalamu wa Kiebrania wanabishana juu ya neno lenyewe, ambalo katika Agano la Kale limo katika sura hiyo tu. Wapo wanaosema ni bati. Mabishano hayo hayaniondolei somo. Nimewaona watu wengi wakipima maisha ya jirani upepo ukiwa mkali.

Sasa kasoro, maana sikukusudia kuandika sifa tupu. Ya kwanza ni sarufi. “Pepeto lake li mkononi mwake” ni Kiswahili safi, lakini mtoto wa darasa la tano anakwama kwenye li, na pepeto, chombo cha kupepetea nafaka, halijui. Katika nyaraka za Paulo sentensi huwa ndefu hadi ukifika mwisho umesahau nani alikuwa akitenda nini; hapo mimi mwenyewe nafungua Habari Njema na sioni haya. Ya pili ni mchanganyiko wa lahaja. Kazi ya tafsiri ilianza mbali: Krapf alianza kutafsiri Mwanzo akiwa Mombasa mwaka 1844, Askofu Steere akafanya yake Unguja, na Dkt. Karl Roehl akatoa Biblia nzima mwaka 1937 akijitahidi kupunguza maneno yenye asili ya Kiarabu. UV ikaja kuwaunganisha wasomaji wote, na Uarabu ukabaki, namshukuru Mungu. Lakini ndiyo maana katika Zaburi 91:6 unakutana na “uele uharibuo adhuhuri”. Mtu wa Mombasa anayemwita mgonjwa mwele anaelewa mara moja. Vijana wetu wa mkesha wanaikariri zaburi hiyo usiku kucha, na ukiwauliza uele ni nini wanakutazama tu.

Hili lingetibiwa na kurasa chache za maelezo ya maneno nyuma ya kitabu. Matoleo mengine yana itifaki, yaani orodha ya maneno na aya yalimo, na itifaki inakusaidia kuipata aya, haikupi maana. Kwa hiyo ukinunua UV, weka pembeni fedha ya kamusi pia. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI inatosha kwa kuanzia, na ya zamani iliyotumika haina ubaya. Kamusi Kuu ya BAKITA ni nzito na pana zaidi. Hiyo ingefaa kununuliwa na kwaya au darasa zima, ikae kanisani.

Kuhusu kitabu kama kitabu: bei sizitaji, kila duka lina yake, na jalada ndilo linaloipandisha. Jalada gumu la kawaida linastahimili kuliko yale ya zipu yanayouzwa barabarani. Zipu ya langu ilimeza karatasi za Ufunuo nikaitupa. Toleo la mfukoni ni zuri kwa safari, lakini herufi zake zinamtaka mtu wa miaka ishirini. Karatasi ni nyembamba, hivyo ukitaka kupigia mstari tumia penseli, kalamu ya wino huvuja hadi ukurasa wa nyuma. Ya simu ni ya bure na ina kitafutio: andika arabuni na unaziona aya zote kwa pamoja. Mimi naitumia hiyo kutafuta, kisha nasoma kwenye karatasi.

Nyota nne kati ya tano. Ya tano nimeizuia kwa ajili ya yale maelezo yanayokosekana. Kwa darasa la kipaimara ningesema mpeni kila mtoto UV, na mwalimu awe na Habari Njema mkononi, kisha kila wiki mtoto mmoja apewe neno moja aende nalo kwa mwenye kazi: pishi kwa muuza nafaka, timazi kwa mwashi, nanga ya Waebrania 6:19 kwa wavuvi wa Deep Sea hapa Tanga. Wa boriti waje kwangu, karakana hufunguliwa saa mbili asubuhi, Jumapili tumefunga.