Dome wa wino, njia ya Deep Sea: mle, ila ndimu muombe pembeni

Nimefundisha kemia miaka thelathini na moja, kwa hiyo mnivumilie nikiikodolea macho sahani ya chakula.

Kibanda kiko unaposhuka Deep Sea hapa Tanga: mabenchi mawili na turubai la bluu. Wengi wakisafisha dome, yule jamaa wa ngisi na pweza, hutupa kifuko cha wino. Mama huyu anakitoa kizima, anakiweka kando, anakipasua nazi ikishaiva. Mchuzi unakuwa mweusi ti! Jumamosi nilimla na wali, shilingi 6,000. Dome laini, tui zito, chumvi haijazidi.

Sasa kasoro. Kijana wa kuhudumia akanikamulia ndimu nusu nzima bila kuniuliza. Mchuzi uliokuwa laini ukaanza kufanya chembechembe. Jirani yangu wa benchi akasema tui limekatika. Sikatai, tui na ndimu haviivi chungu kimoja, lakini wino nao ulikuwa na lake.

Weusi ule ni melanini, ndugu wa ile ya nywele zetu. Umo katika vipunje vya duara vya nanomita 150 hivi. Unene wa unywele mmoja unameza mamia. Ndani ya kipunje molekuli bapa zimelaliana kama chapati kwenye hotipoti. Na dome anaishi baharini, basi kipunje kimebeba kalsiamu na magnesiamu tele, zimekaa kwenye makundi ya kaboksili, yaani vile viti vya asidi vya molekuli. Kuna na chuma kidogo, chenyewe hukamata pale haidroksili mbili (jozi za oksijeni na haidrojeni) zilipokaa jirani, na kukibandua hapo ni kazi. Ukitia asidi, haidrojeni inakalia kiti cha magnesiamu na kalsiamu, nazo zinatoka. Chaji iliyokuwa ikivifanya vipunje visukumane inapungua, vinagandana. Kipunje chenyewe hakivunjiki lakini. Hata ukikiosha kwa EDTA, kemikali inayokamata metali, ukazitoa hizo kalsiamu na magnesiamu, duara lake linabaki vilevile.

Nikamweleza mama haya yote, kijiko mkononi. Akanisikiliza hadi mwisho, akasema, “Haya Mwalimu, ndimu nitakuwekea kwenye kisosi. Kula basi, chapoa.”

Fikeni kabla ya saa saba, baada ya hapo mnakuta ugali na changu. Na Ijumaa, wenye kanzu nyeupe, agizeni changu tu.