Mashine ya mezani ya kufungia chakula bila hewa: nani anunue, na inashindwa wapi

Nyumba yenye friza nzuri, ambako nyama au samaki hununuliwa kwa wingi, mashine hii inalipa. Nyumba isiyo na friza isiinunue. Chakula kinahifadhiwa na baridi. Kazi ya mfuko usio na hewa ni kuzuia nyama isikauke na mafuta yasichache wakati baridi inafanya kazi yake. Matangazo mengi yanaliruka jambo hili, na matokeo yake kuna watu wanafunga maharage yaliyopikwa na kuyaweka kabatini. Hiyo ni hatari kubwa, na sababu yake iko chini.

Tunaangalia hapa zile mashine nyembamba zinazobana mdomo wa mfuko tu, zenye upana wa kuziba wa sentimita 28 hadi 30 na umeme wa wati 100 na kitu. Zile za buchani, ambazo mfuko mzima unaingia ndani ya sanduku, ni habari nyingine kabisa: bei yake ni kubwa, na zinaweza kufunga hata mchuzi. Hii ya mezani haiwezi.

Ukifungua kifuniko utakuta waya wa joto uliofunikwa kwa utepe wa tefloni, kijisahani cha kunasia majimaji, na raba laini za sponji, moja juu na moja chini. Pampu imejificha ndani. Kinachoharibika mapema mara nyingi ni zile raba, wala si pampu. Mtu akimaliza kazi hufunga kifuniko mpaka kilie “kwa!” kisha anaiweka mashine kabatini, sponji inabanwa kwa wiki kadhaa, inalala, haiinuki tena. Siku ya kuitumia pampu inanguruma lakini mfuko haunywei. Kifuniko kilazwe tu, kisibanwe. Raba iliyokwisha kulala itolewe, ioshwe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, ikauke kabisa, kisha irudishwe ikiwa imegeuzwa upande wa pili. Isipopona, inunuliwe nyingine. Ndiyo maana kabla ya kununua mashine uliza kwanza kama duka linauza raba zake.

Kwenye boksi mara nyingi pameandikwa nguvu ya kuvuta ya kPa 80 (kilopaskali, kipimo cha shinikizo). Hiyo ni namba ya usawa wa bahari, yaani Dar es Salaam, Mombasa au Unguja. Nairobi iko juu kwa zaidi ya mita 1,600, na huko hewa yenyewe ina shinikizo la kPa 82 hivi tu, kwa hiyo pampu ileile itasoma karibu 65. Mfuko bado utanywea vizuri. Shida ipo kwenye mashine ambazo kihisi chake kinasubiri namba maalumu ndipo waya upate moto: namba haifiki, pampu inaendelea kuvuta hadi inachemka, na mfuko hauzibwi. Mkazi wa Nairobi, Eldoret au Mbeya asinunue mashine isiyo na kitufe cha kuziba kwa mkono. Ukiona mfuko umeshika nyama pande zote, bonyeza mwenyewe.

Tuje kwenye samaki na nyama, maana hapa ndipo mashine inapostahili bei yake. Nguru au jodari akishakatwa vipande, akaoshwa, akaushwe kwa kitambaa safi au karatasi ya jikoni hadi ngozi isiwe na utelezi wa maji. Panga vipande kwenye sinia, viingie friza saa moja hadi mbili, vishike ugumu kwa nje. Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi, na ndiyo inayoharibu mifuko mingi: majimaji ya samaki mbichi yanavutwa juu wakati pampu ikifanya kazi, yanafika kwenye waya wa joto, na maji yakiwa katikati ya plastiki mbili haziyeyuki pamoja. Mstari wa kuziba unaonekana umeshika, lakini baada ya siku mbili mfuko una hewa.

Kabla ya kujaza, kunja mdomo wa mfuko nje sentimita 5 kama ukosi wa shati, ili mafuta yasiguse sehemu itakayozibwa. Jaza, kunjua, acha nafasi tupu ya sentimita 7 au 8 juu ya chakula. Nyoosha mdomo usiwe na kunyanzi hata moja, ubane, vuta, ziba. Kisha sogeza sentimita 1 nje ya ule mstari uzibe mara ya pili. Mstari mzuri ni laini, unapitisha mwanga, na hauna kituo tangu ukingo hadi ukingo. Ukiwa na vidoa vyeupe, kulikuwa na unyevu. Ukiwa umejikunja na kutoboka, waya ulikuwa na moto mwingi kwa sababu hukuupumzisha. Ngoja angalau sekunde 20 kati ya mfuko na mfuko, na ukifunga mingi mfululizo ipe mashine mapumziko marefu zaidi.

Mbavu na vichwa vya samaki hutoboa. Funika ncha za mifupa kwa karatasi ya jikoni iliyokunjwa mara nne. Nyama ya kusaga ipimwe nusu kilo, isawazishwe iwe bapa yenye unene wa sentimita 3. Itaganda haraka na itayeyuka haraka. Halafu usiijaze friza kwa pupa: friza ya lita 100 isiongezewe zaidi ya kilo 3 hadi 5 za vitu visivyoganda kwa siku moja, la sivyo vyote vinaganda polepole na nyama ikiyeyuka itamwaga maji mengi. Joto liwe nyuzi −18. Umeme ukikatika, friza iliyojaa isiyofunguliwa hushikilia baridi kwa saa 48 hivi, iliyojaa nusu saa 24.

Mboga zina sharti lake. Sukuma wiki ipitishwe kwenye maji yanayotokota kwa dakika 3, mchicha dakika 2, kisha zitumbukizwe kwenye maji ya barafu, zikamuliwe, zigandishwe, ndipo zifungwe. Bila moto huo vimeng’enya vinaendelea kufanya kazi hata kwenye baridi, rangi na ladha zinapotea. Kabichi na brokoli mbichi hutoa gesi, mfuko unavimba. Vitunguu saumu na uyoga mbichi visifungwe bila hewa kabisa.

Sababu ni Clostridium botulinum, bakteria anayeishi udongoni na anayestawi pasipo hewa. Mbegu zake hazifi kwa kuchemsha kwa kawaida jikoni. Bakteria wengi wanaofanya chakula kinuke wanahitaji hewa. Ukiiondoa, hao wanalala, huyu anapata nafasi peke yake, na sumu yake inaweza kuwepo bila harufu wala rangi kubadilika. Pua haitakusaidia. Basi chakula kilichopikwa kikifungwa kiingie friji mara kikipoa, na kiliwe ndani ya siku 3 au 4 kama kawaida, au kigandishwe. Samaki aliyegandishwa atolewe mfukoni, au mfuko ukatwe, kabla hajaanza kuyeyuka, na ayeyuke ndani ya friji, kwa sababu aina fulani za bakteria huyu hukua hata kwenye nyuzi 3 au 4.

Kwa vitu vikavu mashine inasaidia, ila si kwa kiwango sawa. Karanga na korosho zinafaidika sana, mafuta yake yanachelewa kuchacha. Mchele ufungwe kwanza ndani ya mfuko wa karatasi, kwani ncha za punje hutoboa plastiki. Unga vivyo hivyo, maana vumbi lake likivutwa linaziba pampu. Mahindi lazima yawe makavu kweli: weka konzi yake na chumvi kavu kidogo ndani ya chupa kavu, tikisa, acha dakika chache, chumvi ikinata kwenye chupa, yana unyevu unaozidi asilimia 15, yarudi juani. Na mahindi yenye sumukuvu hayasafishiki kwa kutoa hewa. Kwa gunia zima mashine hii haina maana. Mifuko ya PICS, ile ya tabaka tatu ya kuhifadhia nafaka bila hewa, inafanya kazi hiyo kwa gharama ndogo zaidi.

Gharama ya kweli iko kwenye mifuko. Lazima iwe ile yenye michirizi au vinundu upande mmoja, ndiyo njia ya hewa kutoka. Mifuko laini ya kawaida inashikana na pampu haivuti kitu. Roli ya mita 6 ukiikata vipande vya sentimita 38, vinavyobaki na nafasi ya chakula ya sentimita 28 hivi, unapata mifuko 15. Piga hesabu hiyo kabla hujafurahia bei ya mashine. Mfuko uliowekwa mchele unaweza kukatwa na kutumika tena. Uliobeba nyama au samaki mbichi utupwe.

Ukitumiwa mashine na ndugu walioko Marekani, soma kibandiko cha chini: ya volti 120 ikichomekwa kwenye umeme wetu inaungua hapohapo. Dukani, usilipe kabla hujajaribu. Omba kipande cha mfuko, tia glasi ya maharage makavu, funga, kisha uzamishe kwenye ndoo ya maji ukiminya. Pakitoka povu mstarini, rudia mara moja. Likitoka tena, chukua nyingine. Nayo ifungiwe mifuko mitano mfululizo: mashine nyingi dhaifu hujulikana kwenye wa nne au wa tano.