Kusafisha matangi ya nyumba za wageni Malindi: tangi linatakata, shawa zinasahauliwa

Masika yakikatika, nyumba za wageni zilizofungwa tangu Aprili huanza kufunguliwa, na mafundi wa matangi hapa Malindi hupata kazi tele. Huduma tunayoikadiria ni ya kikosi kimoja cha watu watatu kinachozunguka mitaa ya Casuarina na Silversand. Wanakuja na ngazi, pampu, brashi na ndoo ya klorini ya unga, wanamaliza kwa siku moja, na jioni wanamkabidhi mwenye nyumba cheti. Kazi tuliyoikagua ni ya nyumba ya vyumba 8, yenye tangi la lita 5,000 juu ya paa na hita ya sola ya lita 300. Tulitaka kujua kama inamkinga mgeni na Legionella, bakteria anayeleta nimonia kupitia maji ya kuoga.

Tangi wanalisafisha vizuri, na wanastahili sifa. Walifunga koki ya kuingizia maji, wakayaacha yatumike mpaka yakabaki ya kina cha shubiri moja, kisha wakakoroga tope na kulinyonya kwa pampu kupitia mdomo wa juu. Wengi huharibu hapa: wakifungua koki ya chini, tope lote huteremka kwenye mabomba ya vyumba. Kuta walizisugua kwa brashi ya nailoni badala ya waya, maana plastiki ikichubuka ute hupata pa kujishika. Kifuniko kilichopasuka kilibadilishwa, na bomba la kumwagikia likafungwa wavu wa mbu.

Lakini Legionella haishii tangini. Huzaliana katika maji ya kati ya nyuzi 20 na 45 za selsiasi, na hustawi zaidi karibu na joto la mwili wa binadamu. Tangi jeusi linalopigwa na jua la Malindi limo humo humo. Kutoka hapo bakteria hushuka mabombani, akajificha ndani ya ute unaotanda kwenye kuta za bomba, na hata ndani ya amiba (vijidudu vya seli moja) wanaoula ute huo. Amiba akijifunga gamba, klorini humpita tu, na bakteria aliye ndani yake husalimika. Mgeni huambukizwa hasa kwa kuvuta pumzi yenye matone madogo ya maji, ndiyo maana shawa ina hatari kuliko glasi ya maji ya kunywa. (Walamu wanaooga kwa kata kutoka birika, yaani kitangi cha maji bafuni, katika nyumba zao za kale hawatengenezi ukungu wa namna hiyo. Shawa ikifungwa kwenye nyumba hizo hizo huubadilisha mchezo.)

Fungua kichwa cha shawa kilicholala miezi mitatu. Maji ya visima vya pwani yamepita kwenye mawe ya matumbawe na yamebeba chokaa nyingi, hivyo ndani utakuta ukoko mweupe mgumu kama ganda la chaza. Ukiukwangua kwa ukucha, chini yake kuna ute wa kahawia unaovutika. Katika vyumba vyote 8 hakuna kichwa hata kimoja kilichofunguliwa. Hili ndilo kosa kubwa la huduma hii, na dawa yake ni nyepesi: vua kichwa, kilaze kwenye siki usiku mmoja, kisugue, kisuuze vizuri sana, ndipo ukitie kwenye maji ya klorini. Siki na klorini zisikutane kamwe, kwa sababu hutoa gesi ya sumu.

Klorini nayo ilipimwa kwa jicho. Kipimo kinachojulikana kwa kazi hii ni miligramu 50 kwa kila lita, maji yakae saa 1, au miligramu 20 yakae saa 2. Kwa lita 5,000, miligramu 50 ni gramu 250 za klorini halisi. Unga wenye nguvu ya asilimia 65 basi unatakiwa gramu 385. Fundi alichota kwa kopo, na kopo halisemi gramu. Mizani ya jikoni ingetosha. Unga huyeyushwa kwenye ndoo ya plastiki, ukiutia unga kwenye maji na si maji kwenye unga, kisha machicha huachwa yatuame na maji ya juu tu ndiyo humiminwa tangini. Yale machicha yakiingia mabombani huziba vichujio vya koki.

Baya zaidi, klorini ilibaki tangini. Tangi lenye dawa bila kufungua mifereji ni sawa na kuosha sufuria ukaacha vijiko. Inatakiwa kuanza na chumba cha karibu hadi cha mwisho, kufungua kila koki, ya moto na ya baridi, na kila shawa, mpaka klorini ifike na ipimwe hapo hapo, ndipo kufunga na kuhesabu saa. Jengo lisiwe na mgeni wakati huo. Ikiwa saa inaisha na kipimo cha koki ya mwisho kimeshuka chini ya miligramu 30, kuna ute mwingi unaoila klorini, na kazi inarudiwa.

Kuhusu vipimo vyao: walitumia vidonge vya DPD vya bwawa la kuogelea, ambavyo hugeuza maji yenye klorini kuwa ya waridi, maji yakabaki meupe, wakaamua klorini haitoshi na kuongeza kopo jingine. Klorini ikizidi sana huifuta rangi ya waridi ya DPD, kwa hiyo weupe ule ulikuwa dalili ya wingi. Chukua sehemu 1 ya maji hayo, changanya na sehemu 19 za maji yasiyo na klorini, pima, kisha zidisha kwa 20. Wapime pia pH, yaani kiwango cha uchachu wa maji. Ikivuka 8, sehemu kubwa ya klorini hugeuka umbo dhaifu, na maji ya kisima chenye chokaa hufika huko kwa urahisi.

Hita ya sola hawakuigusa. Maji ndani yake yanapaswa kukaa nyuzi 60, na yafike kwenye koki yakiwa angalau 50 ndani ya dakika moja. Kwenye nyuzi 50, kuua asilimia 90 ya Legionella huchukua kama saa 2. Kwenye 60 ni dakika chache tu. Siku za mawingu hita hubaki vuguvugu, na wengi huzima swichi ya umeme wa akiba kwa kuhofia bili. Nyuzi 60 huunguza ngozi, kwa hiyo maji yachanganywe karibu na shawa.

Sasa cheti. Kinasema "maji ni salama", kwa kipimo cha vijidudu vya kinyesi. Kipimo hicho kina faida yake, lakini hakisemi lolote juu ya Legionella. Kumwotesha maabara huhitaji chakula maalumu chenye mkaa, madini ya chuma na sisteini, na majibu huchukua hadi siku 10. Kwa hiyo cheti cha jioni ile ile hakiwezi kuwa kimempima. Sampuli ichukuliwe siku 2 hadi 7 baada ya kusafisha, lita 1 kwenye chupa yenye thiosulfati ya kuzima klorini.

Hili si jambo la karatasi tu. Dalili huanza kwa kawaida siku 2 hadi 10 baada ya kuambukizwa, mgeni wa Kiitaliano akiwa amesharudi kwao. Ulaya huunganisha taarifa hizi kupitia ELDSNet, mtandao unaofuatilia wagonjwa wa Legionella: wagonjwa wawili waliolala nyumba moja ndani ya miaka miwili huhesabiwa kundi. Na jakuzi za villa zisisahaulike. Mwaka 1999 huko Bovenkarspel, Uholanzi, beseni la maji moto lililowekwa kwenye maonyesho ya maua liliwaambukiza waliopita karibu tu, na watu wapatao 30 wakafa.

Kwa tangi tunawapa nyota 5. Kwa kinga dhidi ya Legionella, nyota 2. Ukiwaita, waandikie kwenye makubaliano: vichwa vya shawa vivuliwe vyote, klorini ipimwe koki ya mwisho, hita ipandishwe nyuzi 60. Wakishaondoka, vyumba vitupu vifunguliwe maji dakika 5 kila wiki, kichwa cha shawa kikiwa kimezamishwa ndani ya ndoo ili anayefungua asivute ukungu wake.